Msaada Usiomfanya Mtu Ajione Anadaiwa

Mtu anapoamua kufuatia lengo kubwa la kikazi, iwe ni shahada anayoisoma usiku baada ya kutoka kazini, leseni ya taaluma au biashara anayoianza kwa mtaji mdogo, watu wanaomzunguka huwa wepesi wa kumtakia heri, kisha huwa wepesi vilevile wa kumwuliza amefikia wapi. Swali hilo huulizwa kwa nia njema, lakini kwa aliyefeli mtihani, au kwa anayesubiri barua ya ajira isiyofika, kuulizwa kila mara ni sawa na kudaiwa. Nimewaona watu wakiacha kuhudhuria mikutano ya ukoo, si kwa kukosa nafasi, bali kwa kukosa jibu la kuwapa wenzao.

Ndiyo maana naamini kwamba jambo la kuangalia si wingi wa msaada tunaompa mtu wa aina hiyo, bali namna unavyomfikia. Mwaka 2000 mwanasaikolojia Niall Bolger na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wahitimu wa sheria nchini Marekani waliokuwa wakijiandaa kwa mtihani wa uwakili, ambapo kila mtahiniwa na mwenzi wake waliandika kila siku, kila mmoja kwa upande wake, kama msaada ulitolewa na kama ulipokelewa. Siku ambazo mtahiniwa alitambua kwamba amesaidiwa zilifuatiwa na huzuni zaidi; nafuu ilionekana pale mwenzi alipoandika kwamba amemsaidia, ilhali mtahiniwa mwenyewe hakuandika lolote. Maelezo yanayotolewa ni kwamba kujua unasaidiwa kunaweza kukukumbusha kuwa umeelemewa, na hapo heshima yako mwenyewe hupungua.

Sisemi kwamba wema wote ufanywe kwa siri. Yapo mahitaji ambayo lazima yatajwe waziwazi, hasa fedha. Hata hivyo, mwanasosholojia James House, mwaka 1981, alitofautisha msaada wa kihisia, wa vitendo, wa taarifa na wa kumpa mtu tathmini ya jinsi anavyoendelea, na mimi huona kwamba tunatoa mno ule wa kwanza, kwa maneno, huku tukisahau ule wa pili. Kumpikia anayesoma, kukaa na watoto wake jioni nzima, au kumfanyia shughuli aliyokuwa apangiwe yeye bila kuitangaza, humpunguzia mzigo kuliko ujumbe kumi wa kumtia moyo. Kuhusu tathmini, afadhali itolewe na mtu anayeijua kazi yenyewe. Shangazi anayekuhakikishia kwamba utafaulu tu anakupenda, lakini hajaisoma kazi yako.

Wanaoijua kazi hiyo, au angalau wanaoyajua machungu yake, ni wale mnaopita pamoja katika njia hiyohiyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan waliandaa mpango wa vikundi vya watu waliopoteza ajira, na matokeo yake ya kwanza yakachapishwa mwaka 1989. Katika vikundi hivyo washiriki walijifunza mbinu za kutafuta kazi, wakafanya mazoezi ya usaili na, jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha mpango wote, wakajadili mapema kila mmoja angefanya nini atakapokataliwa. Majaribio ya baadaye yalionyesha kwamba dalili za sonona zilipungua hasa kwa wale waliokuwa katika hatari kubwa zaidi tangu mwanzo. Kukataliwa kulikokwisha kuzungumzwa kikundini hakumkuti mtu peke yake, wala hahitaji kuwaeleza wenzake kwa aibu.

Kuna vikundi vya namna nyingine, vinavyosifu kutolala na kumwona anayepumzika kuwa mvivu; hivyo ni heri kuviepuka, hata kama wanachama wake wamefanikiwa. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani, katika makadirio ya pamoja ya mwaka 2021, yalihusisha kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki na ongezeko la takribani asilimia 35 la hatari ya kiharusi, likilinganishwa na kufanya kazi saa 35 hadi 40. Tena Shirika la Afya Duniani huueleza uchovu mkali wa kikazi kuwa ni matokeo ya msongo wa muda mrefu mahali pa kazi usiodhibitiwa ipasavyo. Kwa hiyo marafiki hawawezi kurekebisha kwa faraja kile ambacho mwajiri anakiharibu kwa ratiba yake. Wanachoweza ni kumwunga mkono mwenzao anapodai ratiba hiyo ibadilishwe, au anapoamua kuondoka.

Na pale ambapo huzuni imekaa kwa majuma kadhaa, usingizi umepotea na mtu hafurahii tena alichokuwa akikipenda, anahitaji mtaalamu wa afya ya akili, na iwapo anazungumzia kujidhuru anahitaji msaada siku hiyohiyo. Kazi ya jamaa na marafiki hapo ni kumtafutia miadi, kumsindikiza, kushika majukumu yake kwa saa hizo, na kutomwuliza njiani kama bado ataufanya ule mtihani.