Siku moja maishani mwangu: nyuki wa njano na nyuki weupe

Saa 11 na nusu alfajiri nakoroga sukari na maji. Shira lazima iwe mezani uwanjani kabla nyuki hawajaanza kutoka, na nyuki hawajui Jumapili. Watu wakisikia profesa wa baiolojia wanafikiria joho na jukwaa. Mikono yangu hunata tangu kabla jua halijachomoza, na kazi hii naipenda hivyo hivyo.

Saa 1 niko mbele ya mzinga wa vioo. Ni fremu mbili za masega zilizosimama wima kati ya vioo viwili, ndani ya chumba cha giza chenye taa nyekundu, kwa sababu macho ya nyuki hayaoni wekundu. Nyuki aliyerudi kutoka malishoni anajipenyeza katikati ya wenzake na kuanza ngoma: anakimbia mstari mfupi huku akitikisa tumbo, anazunguka kulia, anarudi alipoanzia, anakimbia tena, safari hii anazunguka kushoto. Akikimbia kwenda juu wima, chakula kiko upande wa jua. Akiinama nyuzi 40 kulia, chakula kiko nyuzi 40 kulia mwa jua. Kadiri anavyotikisa kwa muda mrefu ndivyo safari ilivyo ndefu, takribani sekunde moja kwa kilomita moja. Karl von Frisch ndiye aliyeifumbua lugha hii, na mwaka 1973 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Konrad Lorenz na Nikolaas Tinbergen. Nimeitazama kwa miaka mingi. Bado kila asubuhi nasogea mpaka pumzi yangu inatia ukungu kwenye kioo.

Saa 3 hadi saa 5, mhadhara wa mwaka wa kwanza. Huwa siondoki bila kumtaja Charles Henry Turner, mwalimu wa sekondari huko St. Louis, Marekani, ambaye mwaka 1910 alichapisha majaribio yake juu ya nyuki na rangi. Baada ya hapo barua pepe, fomu za bajeti, sahihi.

Saa 6 mlango unagongwa.

"Shikamoo, Profesa. Una dakika tano?"

"Marahaba. Kaa kwanza."

Mwanafunzi akiomba dakika tano huku amekumbatia kompyuta yake hivyo, najua mchana umekwisha. Huyu ni wa uzamili, makini kuliko wengi niliowahi kuwasimamia. Ana meza mbili za shira katika pande mbili tofauti. Nyuki wa meza ya kwanza wamepakwa kitone cha njano mgongoni, wa meza ya pili cheupe. Anataka kujua: meza ya nyuki ikikauka, je, atafuata ngoma ya mwenzake aende kwingine, au atarudi kule kule anakokujua?

Akaweka karatasi mezani. Ilikuwa na vitone viwili, cha njano na cheupe. "Jana usiku niliiweka chini ya taa nyekundu," akasema. Hakumaliza, na hakukuwa na haja. Chini ya taa ile, njano na nyeupe ni kitu kimoja. Wiki tatu za kuandika "njano" na "nyeupe" kutokana na video za mzinga, na hakuna aliyejua alikuwa akimwona nani.

Rangi zile niliziidhinisha mimi. Nilizitazama nje, juani. Nikamwambia hivyo hivyo, kosa ni langu, kwa sababu mwanafunzi asiyesikia maneno hayo kwa msimamizi wake atajifunza kuficha ya kwake.

Alikuwa amekuja na dawa: tuwatenganishe kwa ngoma zenyewe. Anayecheza kuelekea meza ya kwanza tumwite wa njano, anayeelekea ya pili mweupe. Nikanyamaza. Nilitaka aione mwenyewe. Ikapita dakika nzima, kisha akaufunika uso. Swali lake lote ni kama nyuki wa njano anaweza kuhamia meza ya weupe. Tukiwapanga kwa ngoma, nyuki aliyehama hatutamwona kamwe. Tutakuwa tumeandika jibu kabla ya kuuliza.

Kilichobaki ni daftari la mezani. Kule nje rangi zilisomwa juani, na kila nyuki aliandikiwa saa aliyoruka. Nikawa nasoma daftari, yeye anasimamisha video pale nyuki anapoingia mlangoni, na safu ya ngoma kwenye majedwali yake tukaifunika kwa karatasi ili mikono yetu isivutwe na matumaini. Nyuki mmoja tu aliyeruka muda ule, tunamweka. Wawili kwa pamoja, tunawafuta wote. Saa 4 na dakika 12, njano, weka. Saa 4 na dakika 15, wawili, futa. Macho yakaanza kuuma, mgongo ukafuata. Kuna kufuta kulikomuuma waziwazi, ngoma nzuri zilizorekodiwa bila dosari, naye akafuta bila kunitazama. Sikumbuki saa ngapi mtu alikuja kuuliza kuhusu kikao nilichokisahau.

Jua lilipokuwa linainama tulitoka kwenda mezani, tumechoka wote wawili. Nyuki mmoja alikuwa bado anakunywa, ulimi umezama kwenye shira, hajali. Mwanafunzi akachovya ncha ya kijiti kwenye rangi ya kijani na kumgusa mgongoni, taratibu, mkono hautetemeki. Nyuki akashiba, akajifuta miguu, akaruka. Akaandika: 12:07 jioni.

Tukakimbia hadi kwenye mzinga. Chini ya taa nyekundu, kati ya mamia ya migongo, akapita mwenye kitone cheusi: kijani kile kile.