Vitabu vya Machi 17 ninavyomsomea binti yangu

Machi ikiingia na Sikukuu ya Mtakatifu Patrick, msimamizi wa Ayalandi, ikikaribia tarehe 17, rafu za vitabu vya watoto hapa Dublin hugeuka kijani. Kuna vibwengo wa ngano za Ayalandi, wenye ndevu nyekundu na chungu chao cha dhahabu, kuna kondoo waliovalishwa kofia, kuna gwaride la kila aina. Binti yangu anavipenda vyote, nami simnyimi. Kile cha Eve Bunting cha mwaka 1980, cha mtoto aliyeambiwa bado mdogo kwa gwaride akaamua kufanya lake alfajiri, tumekisoma hadi kurasa zimelegea.

Lakini ninachotamani kila mtoto asomewe sikukuu hii ni kile cha Tomie dePaola cha mwaka 1992 kuhusu Mtakatifu Patrick. Kinaanzia mbali: kijana wa Uingereza ya Warumi anatekwa na maharamia wa Ayalandi akiwa na miaka kama 16, anafanywa mtumwa, anachunga mifugo miaka sita, kisha anatoroka. Ngano ya kuwafukuza nyoka Ayalandi na nyinginezo zimewekwa baada ya maisha yake, na hilo naliona ni kumheshimu msomaji mdogo.

Juzi usiku akanisimamisha katikati ya ukurasa.

“Mama, waliomwiba ni watu wa hapa?”

“Ndiyo, wa hapa hapa.”

“Halafu akarudi kwa hao hao?”

Nikamweleza kwamba Patrick mwenyewe aliandika, katika Confessio, maandishi yake kuhusu maisha na imani yake, kuwa aliota sauti za watu wa Ayalandi zikimwita aje atembee tena kati yao. Hakuridhika. “Mimi nisingerudi,” akasema, akageuza ukurasa.

Mimi mzaliwa wa Mombasa. Nimekua nikipita Kengeleni, kule Freretown, makazi yaliyoanzishwa miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, na kengele yao ipo hadi leo. Mtoto kutekwa na kuvushwa bahari kwetu ni historia ya nyumbani, ndiyo maana sipendi kuona sehemu hiyo ya Patrick ikirukwa ili tufike haraka kwenye dhahabu ya vibwengo.

Na kuna kisa ambacho sijakiona katika kitabu chochote cha picha nilichofungua. Patrick akiwa askofu, askari wa mtawala aitwaye Coroticus waliwavamia waumini aliotoka kuwabatiza, wakiwa bado na mavazi yao meupe. Wengine wakauawa, wengine wakachukuliwa watumwa. Akamtuma padri na barua kuomba mateka warudishwe, askari wakamcheka. Ndipo akaandika barua ya pili, kali, ya kuwatenga na Kanisa hadharani, na hiyo tunayo hadi leo. Mtu aliyewahi kuwa mtumwa anawatetea watumwa kwa maandishi, karne ya tano! Hebu fikiria mchoraji mzuri akipewa kisa hicho.

Jumamosi tunakwenda maktaba kumwuliza mkutubi kama kipo. Kikipatikana, nitawaandikia jina lake hapa.