Kasi ya torenti nyumbani huanzia upande wa kupakia

Ninapoombwa kuitazama kompyuta ambayo torenti zake, yaani mafaili yanayoshushwa vipande vipande kutoka kwa kompyuta za watu wengine, zinatambaa, jambo la kwanza ninaloonyeshwa ni mpangilio wa kasi ya kupakua, ambao mwenye kompyuta ameshauondolea kikomo na ambao mara nyingi hauna kosa lolote. Msimamo wangu, baada ya miaka ya kushusha mafaili makubwa kwa njia hii, ni kwamba kasi ya kupakua kwa BitTorrent, utaratibu unaoendesha torenti, hupatikana au hupotea upande wa kupakia: kiasi unachowatumia wengine, foleni inayojengeka ndani ya ruta wakati unatuma, na kama wengine wanaweza kukufikia au hawawezi. Mengine, ikiwamo Wi-Fi, yana nafasi yake, lakini huja baadaye.

Mafaili ninayoyasema ni yale yanayogawiwa kwa ruhusa ya wenyewe. Matoleo ya Debian na Ubuntu, mifumo huria ya kuendeshea kompyuta, hupatikana kwa torenti, na vilevile maktaba za Kiwix, mradi unaotuwezesha kuisoma Wikipedia bila intaneti, jambo lenye faida kubwa kwa shule ambayo ina kompyuta chache na haina fedha za kununua bando kila mwezi. Wikipedia ya Kiingereza pamoja na picha zake ni faili moja la takriban gigabaiti 100. Ile ya Kiswahili ni ndogo mno ukiilinganisha nayo na haimsumbui mtu. Filamu na muziki wenye hakimiliki ni habari ya sheria, nami siigusi hapa.

Kabla ya kubadilisha chochote, hakikisha kwamba tatizo lipo kweli. Watoa huduma huuza kasi kwa megabiti, ilhali programu za torenti huonyesha megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti 8. Mtu aliyelipia megabiti 20 kwa sekunde akiona programu inasoma megabaiti 2.4 amekwisha kupata karibu kila anachostahili, kwa sababu ukomo wake ni 2.5, na faili la Kiwix la gigabaiti 100 litamchukua zaidi ya saa 11 hata kila kitu kikienda sawa. Pima kasi ya intaneti yako kwa kompyuta iliyounganishwa na ruta kwa waya, torenti zote zikiwa zimesimamishwa, kisha uandike nambari mbili, ya kupakua na ya kupakia. Wengi huandika ya kwanza tu, na hiyo ya pili ndiyo tutakayoihitaji.

Bram Cohen alipoitoa BitTorrent mwaka 2001 aliijengea kanuni ya nipe nikupe. Faili hukatwa vipande, kila mshiriki huomba vipande asivyonavyo, na kila programu huamua imhudumie nani kwa kuangalia nani anaihudumia vizuri. Katika muundo wake wa asili, uamuzi huo hupitiwa upya kila sekunde 10, na kila sekunde 30 nafasi moja hutolewa kwa bahati kwa mshiriki mwingine, ili mgeni asiye na kipande chochote apate pa kuanzia. Maana yake kwako ni kwamba ukifunga kabisa njia ya kupakia, au ukiibana hadi kilobaiti chache kwa kudhani unaokoa kasi, wenzako wanaoshusha faili hilohilo watakuweka nyuma ya foleni na utabaki kuishi kwa zile nafasi za bahati. Kanuni hii haina nguvu sana pale ambapo wengi wa washiriki wameshamaliza kushusha, kwa sababu hao hawahitaji kitu kutoka kwako. Ndiyo maana toleo jipya la Ubuntu hushuka kwa kasi hata kwa mchoyo, ilhali faili lenye wamilikaji wachache humwumbua.

Sasa upo upande wa pili wa jambo hilohilo, ambao kwa maoni yangu ndio unaowaumiza watu wengi zaidi majumbani, hasa wanaotumia ruta za 4G au vifurushi ambavyo kasi yake ya kupakia ni sehemu ndogo ya ile ya kupakua. Kila data inayoingia kwa itifaki ya TCP, utaratibu wa kawaida wa kusafirishia data kwenye intaneti, lazima ijibiwe kwa pakiti ndogo ya kuthibitisha kwamba imefika, na uthibitisho huo hupita katika njia ya kupakia. Torenti ikiruhusiwa kuijaza njia hiyo yote, pakiti za uthibitisho hukwama nyuma ya vipande unavyowatumia wengine, mtumaji wa mbali hungoja, na kasi yako ya kupakua hushuka ingawa njia ya kupakua iko wazi. Tufanye hesabu. Ruta yenye njia ya kupakia ya megabiti 5 kwa sekunde, ikiruhusu foleni ya megabaiti moja, humchelewesha kila anayepanga foleni kwa sekunde 1.6. Kwa muda huo mazungumzo ya video yameshakatika, na anayefungua ukurasa wa benki chumba cha pili ameshaanza kuuliza ni nani anayekula intaneti.

Wahandisi wenyewe walichelewa kulipa uzito tatizo hili la foleni ndefu. Mmoja wao, Jim Gettys, ndiye aliyelipigia kelele kuanzia mwaka 2010, nao waundaji wa programu za torenti walikuwa na njia yao ya kulipunguza: itifaki ya uTP, ambayo hupima ucheleweshaji na kujipunguza yenyewe pale foleni inapozidi takriban milisekunde 100. Ni kazi nzuri, lakini milisekunde 100 bado ni nyingi kwa anayeongea kwa video, na programu yako inaweza pia kuunganika na wengine kwa TCP ya kawaida, ambayo haina adabu hiyo.

Kwa hiyo weka kikomo cha kupakia mwenyewe. Chukua ile nambari ya pili uliyoiandika, ukate hadi kati ya asilimia 70 na 80 yake, uigeuze kuwa kilobaiti, uiingize katika programu yako ya torenti, kama qBittorrent au Transmission. Megabiti 5 kwa sekunde ni kilobaiti 625, na asilimia 80 yake ni kilobaiti 500. Programu zote mbili zinaruhusu viwango mbadala kwa ratiba, hivyo unaweza kuacha kikomo kikubwa usiku wa manane na kidogo wakati nyumba ina watu. Kama ruta yako inakubali kuwekewa OpenWrt, programu huria ya kuendeshea ruta, kuna nyongeza yake iitwayo SQM inayozipanga foleni kwa haki kwa kila mtumiaji, na kwa mwenye faiba ambayo kasi yake haibadiliki sana ndilo suluhisho ninalolipenda kuliko yote, kwa kuwa linamlinda kila mtu nyumbani bila kumwomba mwenye torenti awe mwungwana. Kwenye 4G halinivutii sana, maana SQM huhitaji kuambiwa kasi ya njia, na kasi ya mnara hupanda na kushuka kutwa nzima.

Suala linalofuata ni kufikika. Nyumba nyingi zina anwani moja ya IP, nambari inayoitambulisha nyumba mtandaoni, inayotazama intaneti, na ruta huzigawia kompyuta za ndani anwani za faragha. Kompyuta iliyo ndani ikianzisha mawasiliano, ruta hukumbuka na kurudisha majibu, lakini mgeni akibisha hodi kutoka nje ruta haijui ampeleke kwa nani, nayo humtupa. Washiriki wawili walio katika hali hiyo kwa kawaida hawawezi kuunganika hata kama mmoja ana kipande ambacho mwenzake anakitafuta. Kwa faili lenye washiriki mia kadhaa hutaona tofauti kubwa. Kwa faili la zamani lenye washiriki watatu, huenda ikawa ndiyo tofauti kati ya kulimaliza na kutolimaliza.

Dawa yake ni kufungua poti, yaani mlango wenye nambari ambao kompyuta hupokelea mawasiliano kutoka nje. Programu ya torenti husikiliza kwenye poti moja, ambayo utaiona katika mipangilio yake ya muunganisho. Ipe kompyuta anwani ya ndani isiyobadilika, kisha iambie ruta kwamba chochote kinachofika kwenye poti hiyo, kwa TCP na kwa UDP (itifaki inayobeba uTP), kipelekwe kwenye anwani hiyo. Ziache poti za 6881 hadi 6889, ambazo ni maarufu mno kwa torenti na baadhi ya watoa huduma huziwekea vikwazo. Chagua nambari yoyote kati ya 49152 na 65535. Ipo pia njia ya mkato, UPnP, ambayo huiachia programu ijifungulie poti yenyewe. Mimi huizima, kwa sababu inampa kila kifaa cha nyumbani, ikiwamo kamera ya bei rahisi isiyojulikana ilitengenezwaje, ruhusa ya kutoboa ukuta bila kuniuliza. Usisahau vilevile kinga (firewall) ya kompyuta yenyewe, kwa maana ruta ikishafungua mlango, Windows inaweza kuwa bado imeufunga.

Wengi watafanya yote hayo na poti itaendelea kuonekana imefungwa. Fungua ukurasa wa ruta uangalie anwani ya IP iliyopewa upande wa intaneti, kisha uilinganishe na ile ambayo tovuti za kuonyesha anwani hukuambia. Zikitofautiana, na hasa kama ile ya ruta inaanzia 100.64 hadi 100.127, au inaanza na 10, basi mtoa huduma wako anawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya pamoja. Safu hiyo ya 100.64 ilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyohiyo, kwa kuwa anwani za IPv4, yaani za toleo la zamani, zilikuwa zinaisha, na kwenye mitandao ya simu utaratibu huu ni wa kawaida sana. Hakuna mpangilio wa ruta yako utakaokusaidia, kwa sababu mlango uliofungwa uko kwa mtoa huduma. Uliza kama anauza anwani ya umma. Uliza pia kuhusu IPv6, toleo jipya la anwani hizo, ambayo huipa kila kompyuta anwani yake, na ukiruhusu poti ile katika kinga ya ruta, washiriki wenye IPv6 wataweza kukufikia.

Wi-Fi nitaipitia kwa haraka. Mawimbi yake hutumika kwa zamu, hivyo kutuma na kupokea hugombea hewa ileile, na torenti hufanya yote mawili kwa wakati mmoja. Kompyuta ya torenti ikae kwenye waya. Ikishindikana, tumia gigahezi 5 ikiwa hakuna kuta nyingi za zege katikati, au gigahezi 2.4 kwenye chaneli 1, 6 au 11, ile ambayo majirani hawajaijaza.

Kuna mazoea ya kupandisha idadi ya miunganisho hadi maelfu kwa imani kwamba wingi huleta kasi. Ruta nyingi za bei nafuu zina kumbukumbu ndogo ya kuhifadhi miunganisho hiyo, na ikijaa, nyumba nzima huona kurasa zinagoma kufunguka hadi ruta izimwe na kuwashwa. Anza na miunganisho 200 kwa jumla na 50 kwa kila torenti, uongeze ukiona kwamba inasaidia. Kama mna kompyuta mbili zinazoshusha faili moja, washa ugunduzi wa washiriki wa ndani (Local Peer Discovery), nazo zitapeana vipande kupitia mtandao wa nyumbani, kwa kasi ya waya, bila kipande hicho kununuliwa mara mbili kwenye bando. Windows nayo, tangu toleo la 10, ina utaratibu wa namna hii kwa masasisho yake, na inafaa kuuwekea mpaka wa kompyuta za nyumbani pekee, usije ukawapakia watu wa nje masasisho kwa gharama yako.

Huwa naulizwa kama mtoa huduma anaweza kuwa anazibana torenti makusudi. Inawezekana. Nchini Marekani mwaka 2007 iligundulika kwamba Comcast ilikuwa ikikatiza miunganisho ya BitTorrent kwa kutuma pakiti bandia za kukata mawasiliano, na mwaka 2008 tume ya mawasiliano ya huko, FCC, iliiamuru iache. Jaribio rahisi ni kulinganisha: shusha toleo la Debian kwa torenti, kisha ulishushe moja kwa moja kutoka kwenye seva, saa ileile ya siku. Tofauti ikiwa kubwa na ya kudumu, washa usimbaji fiche (encryption) katika programu yako, ambao huwazuia wanaotambua torenti kwa kuangalia tu sura ya pakiti. VPN, huduma inayopitisha mawasiliano yako kwa siri kupitia seva ya mbali, inaweza kusaidia zaidi, lakini nyingi hazifungui poti, hivyo utakuwa umeukwepa mbano na kupoteza kufikika.

Kabla ya yote hayo, tazama safu ya upatikanaji katika qBittorrent. Nambari hiyo huonyesha nakala ngapi kamili za faili zipo kwa jumla miongoni mwa washiriki uliounganika nao. Ikiwa chini ya 1, kuna vipande ambavyo hakuna hata mmoja wao aliye navyo, na torenti itasimama kwenye asilimia 97 au 98 hata ukiwa na faiba ya gigabiti. Hapo tafuta torenti nyingine ya faili hilohilo, au torenti inayotaja pia seva ya kawaida ya wavuti kama chanzo cha vipande. Ukiipata, iongeze ukiielekeza kwenye folda ileile yenye faili lisilokamilika, uiamuru programu ikague vipande upya, na mradi faili ni lilelile hasa, itaanzia pale ulipokwama.