Kujenga Kilwa kwa michemraba, na masharti tuliyojiwekea

Kikundi chetu cha vijana wa Shangani, Mtwara, kinajenga upya Husuni Kubwa, jumba la kale la sultani huko Kilwa Kisiwani, ndani ya mchezo wa kompyuta. Mchezo wenyewe unaitwa Luanti, na ni wa jamii moja na Minecraft: wachezaji wengi huingia kwa pamoja katika nchi iliyofanywa kwa vipande vya mchemraba, kila kimoja kikiwa na upande wa mita 1, wakachimba, wakakata miti, wakajenga chochote watakacho. Hakuna hadithi ya kufuata, wala mshindi. Mji ukionekana humo, ujue kuna watu waliokaa wakaujenga.

Luanti ilianzishwa mwaka 2010 na Perttu Ahola wa Ufini, ikajulikana kwa jina la Minetest hadi mwaka 2024. Hailipiwi, msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma au kuubadilisha, na haidai kompyuta yenye nguvu. Kwetu sisi sifa kubwa kuliko zote ni kwamba seva yake, yaani programu inayotunza dunia ya mchezo na kuwaunganisha wachezaji, inaweza kukaa ndani ya kompyuta mpakato ya mtumba iliyounganishwa na ruta, na wachezaji walio jirani wakaingia kwa simu zao za Android bila kutumia intaneti hata kidogo. Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika na mtandao ukayumba nchi nzima, dunia ya namna hii isingepungukiwa na kitu. Tena dunia yote, pamoja na kila jiwe lililowekwa, ni folda moja tu, ambayo hunakiliwa kwenye flashi na kupewa mwingine aiendeleze.

Ukubwa wake si haba. Ramani hufika karibu mita 31,000 kutoka katikati kwenda kila upande, yaani mraba wenye upande wa kilomita 62 hivi. Barabara ya kutoka Mtwara hadi Lindi inazidi kilomita 100, lakini ukipima kwa mstari ulionyooka juu ya ramani, miji hiyo miwili inaenea humo pamoja na Mikindani na Sudi. Kilwa haienei, kwa kuwa iko mbali mno kaskazini, ndiyo maana tuliipa dunia yake peke yake.

Sasa nije kwenye jambo linalonifanya niandike. Katika Luanti, jiwe halianguki. Mchanga na kokoto huporomoka visipokuwa na kitu chini yake, lakini jiwe na ubao hubaki hewani hata ukiondoa ukuta wote uliovibeba. Mjenzi mpya hugundua haraka kwamba anaweza kuezeka ukumbi wenye upana wa mita 20 bila nguzo hata moja, naye huuezeka. Ukipita katika seva nyingi utakuta majumba ya namna hiyo, makubwa na yanayofanana, ambayo hayakusemi uko pwani gani wala yalijengwa kwa mali gani.

Mafundi wa kale wa pwani yetu hawakuwa na uhuru huo. Dari la nyumba ya mawe lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo kwa kawaida hazikuvuka upana wa mita 3, kwa hiyo vyumba vikawa virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine. Aliyetaka nafasi pana zaidi alilazimika kuleta nguzo, matao na kuba, kama walivyofanya waliopanua Msikiti Mkuu wa Kilwa katika karne ya 14. Sura ya nyumba zetu ilitoka msituni na baharini kabla ya kutoka katika fikra ya mtu.

Basi tulikubaliana kwamba katika dunia yetu hakuna dari la boriti litakalovuka mita 3 bila nguzo au ukuta wa kulipokea. Programu hailazimishi sharti hilo. Linalindwa na wachezaji wenyewe. Mzee mmoja aliyewahi kukarabati nyumba za mawe Mikindani alipoonyeshwa ukumbi mmoja kwenye skrini, aliwauliza wanawe, kwa upole kabisa, boriti ya dari lile imekatwa msitu gani. Vijana walicheka, kisha wakalivunja. Tangu hapo nimewasikia wakibishana kuhusu unene wa kuta na mahali pa kupita maji ya mvua, mabishano ambayo hayakuwapo wakati kila mtu alipojenga apendavyo.

Sharti la pili linahusu kuvunja. Kuna nyongeza ya ulinzi inayomwezesha mchezaji kuandikisha eneo ili wengine wasiliguse, na seva nyingi huandikisha maeneo kwa jina la mtu mmoja. Mimi napinga desturi hiyo kwa nguvu zote, kwa sababu mwenye eneo akiacha kucheza, nyumba yake hugeuka gofu lisiloruhusiwa kuguswa. Kwetu eneo huandikishwa kwa akaunti ya jengo, na wote wanaolijenga huongezwa humo. Seva pia inaweza kuweka kumbukumbu ya nani alichimba au kuweka kipande gani, na msimamizi akarudisha hali ya awali endapo mtu ameharibu kwa makusudi. Kwa hiyo hatuna haja ya kufunga kila mlango.

Wanaodhani kazi hii ni ya kupotezea muda wakumbuke kwamba UN-Habitat, ambayo makao yake makuu yako Nairobi, imekuwa ikitumia Minecraft tangu mwaka 2012 kuwawezesha wakazi kuonyesha wanavyotaka maeneo yao ya umma yawe, Kibera ikiwa miongoni mwa mahali pa mwanzo.

Kwa sasa tumekwama kwenye birika la pembe nane la Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman lililo juu ya genge linalotazama bahari. Kwa mchemraba wa mita 1, pande zake za mshazari hugeuka ngazi mbovu. Napendekeza kila mchemraba uhesabiwe kuwa nusu mita: kuta za matumbawe zitapata unene unaostahili, chumba cha mita 3 kitakuwa na vipande 6, na birika litaanza kufanana na birika. Gharama yake ni kubomoa kuta zote zilizokwisha kusimama, na nusu ya kikundi haijakubali. Tutapiga kura baada ya msimu wa korosho, wenzetu watakaporudi kutoka mashambani. Msomaji aliyeko Kilwa Masoko, anayevuka kwenda kisiwani mara kwa mara, atatusaidia sana akipima kwa kamba kila upande wa birika hilo na kina chake.