Arobaini ya mama na zile siku 30 za SSI

Mama alifariki Mombasa mwanzo wa Januari 2025, mimi niko Ohio, Marekani, na mwanangu wa miaka 14 mwenye mtindio wa ubongo. Maziko sikuwahi, sisi hatucheleweshi maiti, lakini kesho yake niliondoka na mtoto nikamchukua, manake mtoto wa kubebwa na kulishwa humwachii jirani hata awe mwema vipi. Tikiti nilikata ya wiki 3.

Mwanangu anapokea SSI, pesa ya serikali ya Marekani kwa walemavu wenye kipato kidogo. Mwaka huo kiwango cha juu kilikuwa dola 967 kwa mwezi, yeye hupata chini ya hapo kwa sababu hajafika 18 na mshahara wangu unapigiwa hesabu. Hii pesa inafuata maisha yenu yanavyokwenda: umehama, umeolewa, umeongezwa masaa kazini, yote unatakiwa useme, mwisho tarehe 10 ya mwezi unaofuata. Mwaka 2022 niliongezwa zamu nikanyamaza, wallahi si kwa ujanja, nilidhani wanaona wenyewe kwenye kodi, ikaja barua nirudishe dola 1,800 nikawa nazilipa kidogo kidogo miezi na miezi.

Sasa nyumbani ikaanza habari ya arobaini. Khalati akaniambia, mwanangu wewe ndo mkubwa, utaondokaje kabla ya arobaini ya mamako? Na sheria ya SSI ni kwamba anayepokea akikaa nje ya Marekani siku 30 mfululizo pesa inasimama, na akirudi haifunguki papo hapo, mpaka amalize siku 30 nyengine mfululizo akiwa ndani ya nchi. Usiku ule nililia, na si msiba peke yake, manake nepi za mtoto mkubwa kama yule si bei ya mchezo na zote zinatoka kwenye pesa hiyo.

Nikaamua kubaki. Mama hana arobaini mbili.

Ofisi ya SSI ya kwetu Ohio inafungua saa 3 asubuhi, Mombasa hapo ni saa 11 jioni, kwa hivyo nikishaswali alasiri nikakaa barazani simu sikioni, ndani watu wanasoma Qur'ani huku mimi nasikiliza ule muziki wao unaojirudia, karibu saa nzima mpaka akashika dada mmoja. Nikamweleza tarehe tuliyotoka, tarehe mpya ya kurudi, na kwamba mtoto yuko nami, nikaandika jina lake na saa tuliyoongea nyuma ya bahasha ya rambirambi, ndo karatasi iliyokuwa karibu. Kisha nikampigia anayeshika mchezo wetu wa kina mama, ule wa kuchanga pesa na kupokea kwa zamu, nikaomba nibadilishiwe zamu nipokee Machi badala ya Juni, wakakubali bila swali hata moja, Mungu awalipe.

Na pesa ya Februari ikaingia vilevile! Hapa ndo wengi wanaponasa, unaiona kwenye akaunti unafikiri umehurumiwa kumbe taarifa haijafika tu kwenye mashine zao. Niliiacha pale pale, barua ya kuidai ilipokuja nikairudisha yote.

Arobaini tuliisoma nimempakata mwanangu, siku 3 baadaye tukasafiri. Wiki ile ile nikaenda ofisini na tikiti, boding pasi, na nakala ya paspoti yenye mhuri wa kutoka uwanja wa Moi, nikaomba risiti ya kila karatasi niliyowaachia. Zile siku 30 zikaanza kuhesabiwa. Machi akapata kipande cha siku za mwisho, Aprili ikaingia kamili.

Akifika 18 mshahara wangu hautahesabiwa tena, lakini watampima upya kwa vigezo vya mtu mzima, na faili la barua za daktari nimeshalifungua.