Nilivyonunua PlayStation ya wanangu hapa Dodoma

Kibanda cha gemu cha mtaani kwetu Nkuhungu kilikuwa kinamaliza hela za wanangu na, kilichoniuma zaidi, kinawaweka nje mpaka giza linaingia. Nikaamua mashine ije sebuleni, nione wanacheza nini na wanaacha saa ngapi. Nilitenga laki sita: mashine, pedi mbili (vile vidude vya mkononi vya kuchezea) na angalau CD moja ya mpira.

PlayStation 5 (PS5) ilinipita mbali kwa bei. Xbox Series S, mashine ya gemu ya Microsoft, ndiyo iliyonivutia, ndogo na mpya, ila haina sehemu ya kuingizia CD. Kila gemu lazima uipakue, na gemu kubwa za siku hizi nyingi zinazidi GB 50. Mimi intaneti yangu ni bando la simu. Nilipopiga hesabu ya bando la gemu moja tu, unafuu wote wa bei ukayeyuka. Halafu CD mtoto akiichoka unaiuza au mnabadilishana na jirani. Gemu ya kupakua inabaki kwenye akaunti yako, humpi mtu.

Basi nikaelekea kwenye PS4 ya mtumba, yaani PlayStation 4, ile nyembamba iitwayo Slim iliyotoka 2016. Wasiwasi wangu ulikuwa umri wake, lakini gemu ya mpira EA Sports FC 26 ya mwaka 2025 imetolewa kwa PS4 pia, na wangu wanachotaka ni mpira. Umeme nao haunitishi: kiwango chake cha juu ni wati 165, kwa hiyo hata ikila zote, uniti moja ya LUKU inaipeleka saa sita, ukiacha TV. Tena inapokea volti 100 hadi 240. Ikiwa imetoka Marekani au Japani unabadilisha waya tu, transfoma haihitajiki.

Kariakoo bei zilikuwa chini kidogo, na kwa SGR Dar si mbali tena. Sikwenda. Mtumba ukizingua wiki ya pili nataka niupakie kwenye bajaji niurudishe dukani, sitaki kuanza kupanga safari.

Dukani niliongozana na mjomba wao, ambaye ni fundi simu. Muuzaji aliwasha, picha ikatokea, akasema, "Mama, umeona mwenyewe, haina shida." Mjomba akamjibu kwa upole, "Kaka, tuachie nusu saa tuicheze." Hiyo nusu saa ndiyo iliyotuokoa. PS4 iliyojaa vumbi mwanzoni inatulia, kisha ikipata moto feni inaanza kunguruma, na ikizidiwa inajizima. Ya kwanza ilinguruma. Tukaomba nyingine, hiyo ikabaki kimya mpaka mwisho.

Tuliingiza CD na kuitoa mara kadhaa. Pedi tuliziweka mezani bila kuzigusa: kwenye menyu alama ya kuchagulia ikijitembeza yenyewe, kijiti cha pedi kimekwisha. Tulitikisa kidogo waya wa HDMI kuona kama picha inakatika. Mwishoni mjomba aliwasha hotspot ya simu tukaingia kwa akaunti yetu, kwa sababu mashine iliyofungiwa na Sony, kampuni inayozitengeneza, inaonekana nzima kabisa mpaka ujaribu kuingia mtandaoni. Muuzaji alitaka kutupa iliyochipiwa, yaani iliyochezewa mfumo wake ili ikubali gemu za wizi, yenye gemu tele za bure. Nilikataa. Ya namna hiyo inabaki na programu ya zamani, na gemu mpya haziikubali.

Nililipa laki tano na nusu pamoja na CD, nikaandikiwa risiti yenye namba ya mashine na waranti ya mwezi mmoja. Dai namba hiyo iandikwe. Bila hiyo waranti haina mwenyewe.

Nyumbani kazi kubwa ni vumbi. Wa Dodoma mnaujua upepo wa kiangazi, unafuta meza asubuhi na mchana unaweza kuandika jina lako juu yake. Mashine haikai chini wala karibu na dirisha. Tunaifunika kitambaa ikiwa imezimwa na imepoa, na ni mwiko kuiwasha ikiwa imefunikwa. Kabla upepo haujashika kasi, mjomba wao ataifungua, aipulize na kubadilisha pesti ya kwenye prosesa, ile inayosaidia kutoa joto.

Watoto nimewafungulia akaunti za watoto chini ya yangu. PS4 inakuruhusu kuweka muda wa kucheza kwa kila siku, nami nimeweka saa moja siku za shule. Pia ninasoma namba ya umri kwenye kasha la CD kabla ya kununua: 3, 7, 12, 16 au 18. Yenye 18 haiingii ndani kwangu.

Diski ya GB 500 imeanza kujaa, maana hata gemu ya CD inajipakia humo. Kwenye Slim unavuta kifuniko cha nyuma, unafungua skrubu moja kuvuta kishikio cha diski, unafungua nne zinazoishika diski ya zamani, unaweka diski ya laputopu ya inchi 2.5. Ya 1TB nimeshaiulizia bei.