"Must" ya kukisia
Jana usiku nilikaa na mdogo wangu wa kidato cha pili, tunapiga Kiingereza. Taa za jirani zinawaka, nikamwambia atunge sentensi. "They must be at home", yaani bila shaka wapo nyumbani. Safi kabisa. Haya, kanusha! Akaandika "mustn't". Hapo wengi hunasa, maana "mustn't" ni katazo. Ukikisia kwamba jambo haliwezekani, Kiingereza hurukia "can't": "They can't be at home", yaani haiwezekani wawe nyumbani. Ukisema "may not", hujafunga mlango: huenda hawapo, huenda wapo. "Might not" nayo ni hivyo hivyo, ila mara nyingi uhakika umepungua kidogo. Dogo kaniuliza kwa nini wasiweke moja tu. Swali zuri, wahusika wajibu. Leo zamu ya "could have"; walimu, nitupieni mifano.